Kopo Moja kwa Mimea Miwili

Kila asubuhi, kabla ya chai, Rula alitoka nje hadi barazani na kopo mkononi.

Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini mtaa mzima ulimwita Rula. Alikuwa seremala, na rula yake ya kukunja haikutoka mfukoni hata siku ya mapumziko. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Wateja walimwita Fundi, majirani walimwita Fundi, na mumewe akitaka kumbembeleza alimwita Fundi wangu.

Barazani palikuwa na makasha mawili ya mbao, yote kazi ya Rula. Yalilingana urefu, upana na kina. Viungo vyake vilibana sawasawa hata tone la maji halikupenya. Rula alipenda kuwaeleza wageni jambo hilo, hata wale ambao hawakuuliza.

Kasha la kulia lilikuwa na mchaichai. Kasha la kushoto lilikuwa na mshubiri.

Rula alijaza kopo hadi kwenye alama aliyoikwaruza ndani yake kwa msumari. Akamwaga kulia. Akajaza tena hadi kwenye alama ile ile. Akamwaga kushoto.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Sawa kwa sawa. Hakuna wa kulalamika."

Fundi alikuwa ameketi mlangoni, akitunga uzi kwenye sindano. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na tumbo lilikuwa limegeuka meza ya kuwekea pini. "Nimeona," alisema. Aliona pia kwamba mimea yote miwili haikuwa na raha, ila hilo hakulisema.

Hii sheria ya sawa kwa sawa ilikuwa na kisa chake. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Rula alimpelekea mama yake blanketi. Mama yake Fundi akapata habari. Hakusema neno baya. Lakini kwa miezi mitatu, kila alipopigiwa simu, alijibu kwa mkato: "Mzima, mwanangu. Ni baridi tu." Basi wakampelekea na yeye blanketi. Mama yake Rula akasikia kwamba hilo la pili ni zito zaidi, na yeye akanuna.

Tangu siku hiyo mke na mume walikata shauri. Mama hawa wawili watapewa kila kitu sawa. Simu ni Jumapili, dakika kumi kwa kila mama, na Rula anatazama saa ya ukutani. Zawadi ni kitambaa cha aina moja, rangi moja. Kwa njia hiyo walipata amani ya miaka minne.

Kisha ikaja habari ya mimba, na kila mama akaja kumwona Fundi kwa wakati wake, na mmea wake.

Mama yake Rula alileta mchaichai kwenye gunia. Kichaka kile kilitoka nyuma ya nyumba yake. Marehemu mumewe ndiye aliyekipanda. "Mjukuu wangu akikua, achume majani aliyoyapanda babu yake," alisema.

Mama yake Fundi alileta mshubiri kwenye mfuko wa nailoni, ameukumbatia njia nzima. Mshubiri ule ulikaa miaka mingi mlangoni pa nyumba alimozaliwa Fundi. Nyumba yenyewe ilishauzwa. Sasa mama aliishi kwa kaka yake Fundi, katika ghorofa ya tatu, kwenye vyumba viwili visivyo na ua wala baraza. "Ndicho kitu pekee kilichobaki cha nyumba yetu," alimwambia binti yake. "Kwako kuna nafasi. Ukae hapa."

Fundi hakuyasahau maneno hayo. Na sasa zilibaki wiki nane tu. Mama wote wawili walikuwa wanakuja siku moja, kumsaidia Fundi na mtoto mchanga. Wangelala chumba kimoja, mwezi mzima, kwa mara ya kwanza. Na jambo la kwanza ambalo kila mmoja angelitazama ni mmea wake.

Mshubiri ulikuwa unageuka njano. Majani yake, yaliyokuwa manene na magumu, yalilegea yakainama kama mtu aliyechoka kusimama kwenye foleni. Mchaichai nao ulipauka. Majani yake yalirefuka, yakalala chini, na ncha zake zikakauka zikawa kahawia.

"Labda haijazoea mahali," alisema Rula. Akaipandisha ile alama ya msumari kwa upana wa kidole kimoja. Kila mmea ukapata maji zaidi, kwa kipimo kile kile.

Baada ya wiki mbili mshubiri ukawa na hali mbaya kuliko kwanza.

"Wa mama yako unapauka tu," Fundi alimwambia mumewe asubuhi moja. "Wa mama yangu ndio unaokufa."

"Mimi nimeipa maji sawa. Kopo liko hapa, alama iko hapa. Njoo upime mwenyewe."

"Sijasema umeiba maji."

"Lakini ndivyo ulivyonitazama."

Siku hiyo walikunywa chai kila mtu akitazama ukuta wake. Jumapili, katika dakika zake kumi, mama yake Fundi aliuliza, "Mshubiri wangu haujambo?"

"Haujambo, mama," alijibu Fundi.

Siku ya tatu baada ya simu hiyo, Fundi aligusa jani moja la mshubiri. Alitaka tu kuona kama limekauka. Jani likabaki mkononi mwake. Chini lilikuwa limeoza, lina maji ya kahawia, na lilinuka. Fundi alisimama nalo barazani, hajui aliweke wapi.

"Hodi hapa," ilisikika sauti ya mwanamke.

"Karibu," Fundi alijibu bila kugeuka.

Aliyeingia alikuwa Mama Kitalu. Alifanya kazi kwenye kitalu cha miche mwisho wa barabara, na alikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuotesha, kuhamisha na kuuza miche. Kucha zake hazikuwahi kuonekana bila udongo. Alikuja kuchukua aproni yake mpya, yenye mifuko sita, ambayo Fundi alikuwa amemshonea.

"Shikamoo, Mama Kitalu. Aproni yako iko tayari."

"Marahaba, mwanangu. Aproni haiozi. Hebu nipe hilo jani."

Alilinusa, akakunja uso. Kisha akainama juu ya kasha la kushoto na kuchomeka kidole kwenye udongo. Kidole kilizama chote. Kilipotoka kilikuwa na tope.

"Nani anamwagilia hapa?"

"Mume wangu. Kila asubuhi. Kopo moja huu, kopo moja ule."

"Kopo lile lile?"

"Lile lile. Lina alama." Fundi aliona haya, lakini akaeleza yote: blanketi la kwanza, blanketi la pili, saa ya ukutani, mama wawili na wiki zilizobaki. "Hatukutaka mmoja aone tumempendelea mwenzake."

Mama Kitalu alianza kucheka kwa pua. Kisha akacheka kwa mdomo. Mwishowe akatafuta kigoda akaketi.

"Samahani, mwanangu. Sikucheki wewe," alisema, akijifuta macho. "Basi nikuulize. Kiuno changu kina sentimita ngapi?"

"Mia moja na nne."

"Na yule msichana wa duka la dawa uliyemshonea sketi juzi?"

"Sitini na sita."

"Ungetukatia nguo zetu kwa kipimo kimoja, ili tusioneane wivu?"

Katika miaka tisa ya kushona Fundi hakuwahi kumkatia mteja nguo bila kumpima. Hata mapacha wawili wa mtaa wa nyuma aliwapima mmoja mmoja.

"Lete kisu," alisema Mama Kitalu.

Alichagua jani moja la mshubiri lililokuwa bado gumu, akalikata katikati. Ndani palijaa ute mzito, mweupe kama kioo.

"Tazama. Haya ni maji. Mshubiri unaweka akiba yake ndani ya majani. Umezoea mahali pakavu. Mvua ikinyesha unajaza, jua likiwaka unatumia kidogo kidogo. Sasa huyu ana mtungi uliojaa, nawe kila asubuhi unamshika shingo umnyweshe. Mizizi yake ni mifupi, iko juu juu. Ikikaa kwenye tope haipati hewa. Inaoza, na kuoza kunapanda hadi kwenye shina."

Kisha akachuma jani la mchaichai na kulishikisha kwenye mwanga.

"Na hili je? Lina akiba wapi?"

Fundi alilipapasa. Lilikuwa jembamba, kavu, na kingo zake zilikwaruza kidole. "Halina."

"Halina. Mchaichai ni nyasi. Ni ndugu wa muwa na mahindi. Unakunywa leo, kesho unataka tena. Unakula sana pia, unataka udongo wenye mbolea. Unataka jua la kutwa, siyo hiki kivuli cha paa. Na unataka nafasi, kwa sababu kichaka chake kinapanuka kila mwaka. Humu kwenye kasha umebanwa. Maji unayoupa hayatoshi hata kulowesha nusu ya mizizi yake."

"Kwa hiyo huu unazama na ule una kiu," Fundi alisema polepole. "Kwa kopo moja."

"Kwa kopo moja. Lakini si kwamba haifanani kwa lolote. Yote miwili ni mimea ya kudumu. Siyo kama mchicha, unapanda, unachuma, umekwisha. Hii ukiipanda mara moja unakaa nayo miaka. Ndiyo maana kosa lake halionekani siku ya pili. Linajikusanya. Na yote miwili inapenda joto, na yote miwili haitaki kusimama ndani ya maji. Hata mchaichai, pamoja na kiu yake yote, haupendi bwawa." Aligonga kasha kwa vidole. "Haya makasha matundu yake yako wapi?"

"Hayana," sauti ilitoka mlangoni. Rula alikuwa amerudi na mbao begani. Alisimama wima. "Hayavuji hata tone. Viungo hivyo nimevibana mwenyewe."

"Naona," alisema Mama Kitalu kwa upole. "Kazi safi sana. Ungekuwa umetengeneza mtumbwi ningekupa mkono."

Rula aliweka mbao chini.

Ilichukua muda kumwelewesha. Hakuwa mtu mbishi, lakini sheria ya sawa kwa sawa ilikuwa imemlinda miaka minne, na aliogopa kuiacha. "Nikiulizwa niseme nini?" alisema. "Kwamba mmea wa mama yangu unapata ndoo, na wa mama mkwe unapata kopo moja baada ya wiki mbili? Si nitakuwa nimewasha moto?"

"Utasema mmoja una kiu na mwingine umeshiba," alijibu Mama Kitalu. "Hilo si tusi kwa mtu."

Rula alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amelishika tena lile jani lililooza.

"Tuanze na huu wa mama yangu," Fundi alisema. "Tafadhali."

Rula aliuchimbua mshubiri kwa mikono, taratibu. Udongo ulikuwa mzito kama unga uliokandwa. Alipouinua, sehemu ya juu ilitoka na sehemu ya chini ikabaki. Shina lilikuwa laini, la kahawia, na lilikatika lenyewe. Majani makubwa yakaanguka sakafuni moja baada ya jingine.

Fundi alilia. Hakujificha. Aliulilia mlango wa nyumba yao na mama yake aliyeukumbatia mfuko wa nailoni njia nzima. Aliulilia pia ule uongo wa kwenye simu. Rula alichuchumaa kando yake, mikono yote tope, hajui aiweke wapi. "Nisamehe, Fundi wangu," alisema. "Nilidhani ninautendea haki."

"Tulidhani wote," alisema Fundi.

Mama Kitalu aliwaacha kidogo. Yeye alikuwa amepiga magoti juu ya kasha, akipekua tope kwa vidole. Alikuwa na tabia ya kutoamini kwamba mmea umekufa mpaka amalize kupekua.

"Njooni hapa," alisema baadaye. "Huyu mama hakuondoka bila kuacha watoto."

Kiganjani mwake palikuwa na machipukizi mawili. Moja lilikuwa na urefu wa mpini wa kijiko. Jingine lilikuwa dogo kama kidole gumba. Yalikuwa ya kijani na magumu, na mizizi yake ilikuwa myeupe.

"Haya yameota ubavuni mwa mmea mkubwa. Ni mshubiri ule ule, damu ile ile. Mzizi mweupe na mgumu ni mzima. Mzizi wa kahawia unaoteleza umeoza, ukate." Alisafisha kisu, akakata sehemu mbili tatu zilizooza. "Sasa, mwanangu, sikiliza. Usiyapande leo. Yaweke kivulini, mahali pakavu, siku nne au tano, kidonda kikauke. Ukipanda kidonda kibichi kitaoza tena."

"Kisha?"

"Kisha unachanganya mchanga wa chenga kubwa mafungu mawili, udongo fungu moja. Chombo kidogo tu, chenye matundu chini. Usimwagilie wiki ya kwanza. Baada ya hapo, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, rudi ndani ukashone. Udongo ukikauka kabisa, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu, halafu usahau tena. Inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa tatu. Usihesabu siku, uliza udongo. Na uweke pale kwenye ukingo wa baraza, upate mwanga mwingi na jua la asubuhi, lakini mvua isiupige."

Rula alikuwa ametoa rula mfukoni. "Matundu mangapi?" aliuliza. "Na upana wake?"

"Matano. Upana wa kidole kidogo."

Jioni, kabla jua halijazama, Rula alitoboa kasha lake la kushoto. Alisimama juu yake kwa muda, keekee mkononi, kama mtu anayeambiwa atoboe mfuko wa shati lake la sikukuu. Kisha akapiga moyo konde. Lakini kasha lilikuwa kubwa mno kwa machipukizi mawili, kwa hiyo kwa mabaki ya mbao akatengeneza vijisanduku viwili vidogo, kila kimoja na matundu matano.

Mchaichai ulikuwa na kazi ya namna nyingine. Jumamosi Mama Kitalu alirudi na panga na gunia la samadi iliyokwisha kuoza. Walipoutoa kwenye kasha, mizizi ilikuwa imejizungusha ikachukua umbo la kasha lenyewe, pembe nne.

"Fundi wewe keti," alisema Mama Kitalu. "Tumbo hilo halichimbi. Bwana Rula, pasua."

"Niupasue? Ni wa baba yangu huu."

"Ndiyo sababu. Kichaka kikizeeka, katikati hufa. Ukikigawa kinapata ujana. Kila baada ya miaka miwili mitatu kigawe."

Rula aligawa kichaka kwa panga, sehemu nne, kila sehemu na mashina kadhaa na mizizi yake. Walikata majani yaliyopauka, wakaacha urefu wa kiganja. Nyuma ya nyumba, kando ya ukuta unaopigwa na jua kutwa, Rula alichimba mashimo manne. Kutoka shimo hadi shimo aliacha urefu wa mkono, na wala hakutumia rula, alinyoosha mkono tu. Wakachanganya udongo na samadi, wakapanda, wakamwagilia hadi udongo ukatulia.

"Nifunike na maranda ya karakana?" Rula aliuliza. "Ninayo magunia."

"Maranda mabichi acha, yanakula rutuba ya udongo. Funika na majani makavu, maji yasikauke haraka. Wiki mbili za kwanza mwagilia kila siku. Ukichipua, kila baada ya siku moja, na kama ni kiangazi sana, kila siku. Maji uliyooshea mboga yanafaa. Ya sabuni peleka kwingine."

Wiki zilipita. Rula alikwenda nyuma ya nyumba na ndoo kila asubuhi. Fundi alibaki barazani na machipukizi yake, akijizuia. Kumwagilia ni kazi nyepesi. Kutomwagilia ndiko kulikomtesa. Siku tisa alichomeka kidole, siku tisa akarudi kushona. Wiki ya tatu alimwagilia mara moja. Wiki ya tano, lile chipukizi kubwa lilitoa jani jipya katikati, dogo na lenye ncha kali. Fundi alimwita mumewe kutoka karakana aje alione. Rula alilipima. Lilikuwa na milimita nane.

Huko nyuma ya nyumba mchaichai ulikuwa umefika magotini, na ukipita karibu harufu yake iliganda kwenye nguo.

Mama wawili walifika alasiri moja, gari moja, kila mmoja na mzigo wake. Mama yake Rula alikuwa mnene, mchangamfu, na alianza kuzungumza kabla hajashuka. Mama yake Fundi alikuwa mwembamba, na alishuka kimya akitazama barazani.

Fundi hakungoja aulizwe. Alimshika mama yake mkono kabla hajaketi.

"Mama, nilikudanganya kwenye simu. Ule mshubiri wako mkubwa umekufa. Tuliumwagilia kila siku, ukaoza. Kilichobaki ni hivi."

Mama alivitazama vile vijisanduku viwili. Rula alisimama mlangoni na mizigo mikononi, anaogopa hata kuiweka chini. Kisha mama akainama na kupitisha kidole kwenye ukingo wa jani, kwenye vijimeno vyake vidogo.

"Ndio wenyewe," alisema. "Una meno yale yale." Aliinuka. "Mimi sikuwahi kuumwagilia. Hata siku moja. Ulikunywa matone ya paa tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Kila Jumapili mnanipa dakika kumi, na mume wako anakohoa ikifika ya tisa. Nitasema nini na nini?"

Mama yake Rula alicheka kwa sauti. "Kumbe na wewe anakukoholea? Nilidhani ni mimi peke yangu."

Rula aliona afadhali apeleke mizigo ndani. Fundi alimfuata. Chumbani palikuwa na vitanda viwili sawa, mashuka mawili ya kitambaa kimoja, vikombe viwili vya rangi moja. Alivitazama. Kila kitu kilikuwa kimelingana, na hakuna hata kimoja ambacho aliwahi kumuuliza mtu kama anakitaka.

Akarudi barazani. "Mama mkwe, ukiwa hapa, wewe ungependa nini?"

"Kazi," alijibu mama yake Rula papo hapo. "Nipe kufua, nipe kupika, nipe watu wa kuzungumza nao. Ukiniketisha kwenye kiti nitaugua."

"Na wewe, mama?"

Mama yake Fundi alifikiri kidogo. Ilionekana hakuwa amezoea swali hilo. "Kimya asubuhi, mpaka nimalize chai," alisema. "Na mtoto nimshike. Basi."

Mtoto alizaliwa siku kumi na moja baadaye, wa kike, mzima. Mama yake Rula alifua, alipika na kuzungumza na mtaa mzima. Alichuma mchaichai wa marehemu mumewe, mashina ya nje tu, kama mwanawe alivyomwonyesha, akawapa majirani waliokuja kumtazama mtoto. Mama yake Fundi alikaa barazani na mtoto kifuani, saa nzima bila kusema neno. Hakuna aliyehesabu dakika, wala hakuna aliyenuna.

Mwezi ulipokwisha, mama yake Fundi alifunga mzigo wake mapema. Alipofika barazani, Rula alikuwa anamngoja. Alikuwa ameshika kopo, lile lile la alama ya msumari. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa chenga kubwa, na katikati lile chipukizi dogo, ambalo sasa lilikuwa limepita kidole gumba.

"Huko kwenye ghorofa," alisema Rula, "dirisha la jikoni linapata jua la asubuhi?"

"Linapata," alisema mama.

"Basi uweke hapo. Wala hauhitaji ua."

Mama alilipokea kopo kwa mikono miwili. Aliligeuza kidogo, akatazama chini yake. Palikuwa na matundu matano, yametobolewa vizuri, yamepangwa kwa rula.

"Sasa utapimia nini maji yako?" alimuuliza mkwewe.

"Sipimi tena, mama," alisema Rula.

Mama alilikumbatia kopo kifuani, akashuka ngazi za baraza, na safari nzima hakumwachia mtu mwingine alibebe.